Vizito vya Mwalimu Faustini

Mchungaji alisema marehemu alikuwa mtu wa kuamini kile tu alichokiona kwa macho yake. Nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa hadi ndani ya migomba, na nikaguna kwa sauti mpaka mama aliyekaa pembeni yangu akanigeukia. Si kawaida yangu kuguna misibani. Lakini nilikuwa nimesafiri kutoka Mwanza, nimelala Omurushaka kwenye gesti ambayo mlango wake haufungi, miguu imevimba, na mtu niliyekuja kumzika, Mwalimu Faustini aliyenifundisha fizikia pale Ihanda, alitumia nusu ya maisha yake kukiwaza kitu ambacho hakuna binadamu amewahi kukiona. Grasi, binti yake, alinipa kipaza sauti niseme neno kwa niaba ya wanafunzi. Nikasema alikuwa mwalimu mzuri, na kwamba kwa sababu yake na mimi nafundisha fizikia hadi leo, nikakaa. Niliyotaka kuyasema hayasemwi kwenye kipaza sauti. Na watu wakishasikia harufu ya ndizi za msibani, hawana subira na habari za nyota.

Niliishi nyumbani kwake mwaka 1994, nikiwa kidato cha nne. Nilivyofika pale hakuna ajabu yoyote: shule ilikuwa mbali na kwetu Igurwa, basi. Nilipewa kulala chumba kimoja na mama yake mzazi, Bibi Kansilida. Kilikuwa na vitanda viwili vya mbao na katikati sanduku la bati lililofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya sanduku kibuyu cha maziwa ambacho Bibi alikifukiza moshi kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, maana katika jambo hilo hakumwamini mtu, hata mkwewe. Sebuleni kulikuwa na makochi, lakini makochi yalikuwa ya wageni na ya redio. Sisi wenyewe tuliishi jikoni, kile kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, tukikaa kwenye vigoda na vipande vya magogo, moshi ukitutoa machozi, tukila ndizi na maharage kwenye sinia moja. Mama Grasi, mke wa Mwalimu, alikuwa Mnyambo wa pale pale Ihanda, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Grasi alikuwa bado ananyonya. Kila nikisikia mtu akitaja neno nyumba, hata leo, ni jiko lile linalonijia.

Mwalimu alikuwa na ugonjwa wake, kama mkewe alivyouita. Daktari mmoja mgeni alipohama alimwachia rundo la magazeti ya sayansi, na humo alikutana na swali lililomshika asibanduke. Alituambia darasani, na kwa kuwa hatukuelewa alirudia kuniambia mimi jikoni. Ule mkanda mweupe unaokatiza mbingu, alisema, ni galaksi yetu, nyota zisizohesabika zinazozunguka pamoja. Zile za pembeni zinazunguka kasi mno. Ukijumlisha uzito wa nyota zote na vumbi lote, hautoshi kuzishika. Zilipaswa ziwe zimechomoka zamani na kutawanyika. Ili nielewe, alitoka uani, akafunga jiwe kwenye kamba ya mgomba, akalizungusha juu ya kichwa chake, polepole, halafu kwa kasi. Kamba ikakatika. Jiwe likapita juu ya kuku, likagonga ukuta wa jiko. Mama Grasi akapiga kelele, "Mawe!" Kwa lugha yao ni kumwita mama, kama watu wanavyofanya wakishtuka, lakini siku ile hata kwa Kiswahili ilikuwa sahihi. Tulicheka mpaka Bibi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu amesomea mbinguni," alisema Bibi, "na huku chini kicheche anamaliza kuku wake."

"Mama, kamba imekatika, sivyo?" Mwalimu alisema, bado ameshika kipande. "Huko juu haikatiki. Kuna kitu kimezishika. Hakiangazi, hakionekani, lakini kina uzito kuliko vyote tunavyoviona."

Wenye elimu wanakiita maada ya giza. Wengi walidhani ni chembe ndogo za aina ambayo bado haijanaswa. Lakini wachache walikuwa na dhana nyingine, na hiyo ndiyo iliyompendeza Mwalimu wangu. Kwamba pale mwanzo kabisa, kabla ya nyota yoyote kuwaka, wakati kila kitu kilikuwa kimebanana, kulikuwa na sehemu zilizobanana kupita kiasi, zikajiangukia zenyewe zikawa mashimo meusi. Hayakuzaliwa na nyota iliyokufa, kama mashimo meusi mengine. Yalikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Mengine yanaweza kuwa na uzito wa mlima mzima ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya vumbi. Je, hayo yakiwa mengi vya kutosha, si ndiyo yaliyoshika nyota? Sisi wanafunzi tukambatiza jina, Mwalimu Mashimo. Alijua, akajifanya hajui.

Ndipo ikaja Aprili, na Rwanda. Bibi alikuwa amekimbia kutoka kule zamani, Faustini akiwa mgongoni. Binti yake mkubwa, Domitila, alibaki kwa nyanya yake, akakulia huko, akaolewa huko. Kwa hiyo redio ilipoanza kusema yale iliyokuwa ikisema, iliondolewa sebuleni ikaletwa jikoni, na hakuna aliyecheka tena. Halafu watu wakaanza kuvuka. Mpaka leo sijui niseme nini juu ya watu wale: barabara ilijaa, magodoro vichwani, watoto wamebeba watoto, na kimya, kimya cha watu wengi kiasi kile. Sokoni Omurushaka samaki hawakununuliwa tena, na kila mtu alijua Mto Kagera unamwaga maji yake wapi na ulikuwa umebeba nini. Wanawake waliokuja kuchota maji walisimulia kwa sauti ya chini, wakimwona Bibi wananyamaza, wanamsalimia kwa heshima iliyozidi.

Bibi alianza kwenda kwenye kambi za wakimbizi. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda malori ya kupeleka chakula upande wa Kyerwa, akapita hema hadi hema akiuliza, Domitila, mrefu, ana kovu la moto hapa mkononi. Mama Grasi hakupenda. Kambini walikuwepo waliokikimbia kifo na waliokileta, na usoni haiandikwi nani ni nani. Lakini nani angemzuia? Alirudi jioni miguu imejaa vumbi, akakaa kwenye kigoda, na sisi hatukuuliza kitu, kwa sababu angekuwa amempata tungemsikia tangu barabarani.

Kiangazi kilipokuwa kinaisha akaja mtu mmoja aliyetoka kijiji jirani na kile cha Domitila. Alikaribishwa sebuleni, akaletewa maziwa, hakuyagusa. Alisema nyumba ya Domitila aliiona, imeezuliwa bati, hakuna mtu. Domitila mwenyewe hakumwona, wala hai wala mfu. Mwalimu akamuuliza wa kijijini pale wako wapi. Yule mtu akatazama sakafu, akasema wengi walitupwa shimoni.

Tangu siku hiyo neno shimo likafa katika nyumba ile. Hakuna aliyetoa amri. Nyuma ya jiko kulikuwa na shimo la kuivishia ndizi za rubisi, ile pombe ya ndizi ambayo mchungaji alijifanya haijui. Mwalimu alilifukia mwenyewe, asubuhi, kwa jembe, bila kumwambia mtu. Darasani sisi wenyewe tuliacha kumwita Mwalimu Mashimo, watoto wabaya tuliokuwa, na sikumbuki tukikubaliana. Naye alipolitaja lile swali lake, maana hakuweza kuliacha, lilikuwa ndilo pumziko lake, hakusema tena mashimo meusi. Alisema vizito. Vizito vya kale. Nimefundisha miaka mingi na kusoma Kiswahili cha sayansi cha kila namna, na sijakutana tena na neno hilo kwa maana hiyo. Lilitungwa jikoni Ihanda ili mama mmoja asisikie neno lingine.

Mwezi wa Septemba wazee walikuja. Waliongozwa na mjomba wake Mama Grasi, mzee wa kanisa, mtu mwema aliyependa kusikika. Akasema mtu asipopatikana, huku kwetu hazuiliwi asizikwe. Hukatwa gogo la mgomba, likavishwa, likazikwa badala yake, watu wakalia, wakanyoa, wakala, maisha yakaendelea. Bila hivyo nyumba nzima inabaki mlangoni, haiingii wala haitoki. "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia," alisema. "Mama, sisi tuko tayari. Tunakungoja wewe uanze."

"Na mfiwa ni nani?" Bibi aliuliza. "Mimi sijafiwa."

Mzee akakohoa, wakanywa chai, wakaondoka. Mwalimu alibaki amekaa kwenye kochi la wageni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Nadhani ndiyo siku alipoacha kula. Sisemi alikataa chakula. Alikaa nasi kwenye sinia, akamega ndizi, akaizungushazungusha, akairudisha. Yeye aliamini dada yake amekufa, na hakuweza kumlilia, kwa kuwa kumlilia mbele ya mama yake kungekuwa kama kumuua kwa mkono wake. Shati likaanza kumning'inia. Darasani alisahau sentensi katikati, akasimama na chaki, tukamsubiri. Mama Grasi alimpikia kila alichokijua: maharage kwa samli, mayai, hata kuku mmoja kati ya wale waliosalimika na kicheche. Usiku nikiwa kitandani nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia, "Baba Grasi, utatuacha. Na wewe nikuzikie gogo?"

Jioni moja tukiwa tumezunguka sinia, Bibi ndiye aliyeanza. Alimtazama mwanawe kwa muda, akasema, "Vile vizito vyako. Kuna mtu amekwisha kuviona?"

Mwalimu alishangaa, maana kwa kawaida Bibi alizicheka tu habari zile. Akasema hapana. Akaeleza, na kidogo uso wake ukapata damu: kuna watu wanaokesha wakitazama nyota nyingi zilizomo kwenye kawingu keupe kanakoonekana angani upande wa kusini, siku hadi siku. Kizito kikipita mbele ya nyota, mvuto wake hupinda mwanga, na nyota ile hung'aa zaidi kwa muda, halafu hurudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo hawakitazami chenyewe. Wanatazama jirani yake.

"Na wasipoiona nyota iking'aa?"

"Watajua vizito vya uzito ule havipo, au ni vichache. Lakini vinaweza kuwa vidogo zaidi, visivyoonyesha kitu kwa njia hiyo. Au vikubwa zaidi, vinavyopita polepole mno."

"Kwa hiyo wakikosa hapa, wanasema viko pale."

"Wanasema huenda viko pale, Mama. Mpaka sehemu zote za kuviweka ziishe."

"Basi," Bibi alisema, "mimi nimetafuta kambi za Kyerwa. Sijatafuta Ngara. Sijatafuta Zaire. Wewe unangoja vitu ambavyo hukuvizaa, tangu kuumbwa kwa dunia, na hakuna mzee anayekuja kukuambia uvizike. Na usiniambie vizito. Najua unaogopa kusema shimo mbele yangu. Sema. Mimi si mtoto."

Mama Grasi akainuka kwenda kuangalia moto ambao haukuhitaji kuangaliwa. Nimewahi kusikia mijadala mingi juu ya maada ya giza, mingine ya watu wenye shahada nyingi, na sijasikia hoja iliyofunga mdomo wa mtu namna ile. Kwa sababu Bibi alikuwa sahihi. Kutoonekana kwa kitu mahali pamoja si ushahidi kwamba hakipo popote, na mtoto wake ndiye aliyemfundisha hivyo, kwa mdomo wake, juu ya sinia ile ile. Nilimwonea Mwalimu huruma.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Mwalimu alipozungumza na mama yake. Mimi na Bibi tulikuwa barazani tukichambua maharage. Mwalimu alitoka shule mapema, akachuchumaa mbele ya mama yake, akachukua na yeye ungo, akaanza kuchambua. Akasema amesikia redioni habari za wale wanaotazama nyota. Wamemaliza. Wametafuta vidogo na vikubwa, hakuna. Ilikuwa dhana tu, nzuri, lakini si kweli. "Nimeiacha, Mama," alisema. "Inauma, lakini mtu akishatafuta kote, huacha."

Bibi aliendelea kuchambua. Akatupa jiwe, akatupa punje iliyobunguliwa. Hatimaye akasema, "Kote?"

"Kote."

"Haya," alisema. "Mwambie mjomba wa mkeo akate gogo."

Nilimfuata Mwalimu hadi kwenye migomba. Nilikuwa nimesikiliza redio ile ile kila siku, na haikuwa imesema kitu. Nikamuuliza, "Mwalimu, ni kweli wamemaliza?"

Alikuwa ameshika mgomba kwa mkono mmoja. "Hata nusu hawajafika," alisema. "Ndiyo kwanza wameanza. Usimwambie, tafadhali. Sina kitu kingine cha kumwonyesha jinsi mtu anavyoacha."

Tulimzika Domitila siku ya mvua. Mjomba alichagua mgomba mnene, akaukata, ukamenywa magome ya nje mpaka ukabaki mweupe, na Bibi akatoa kitenge chake cha kanisani, kile cha kuendea kambini, ukafungwa humo. Kaburi lilichimbwa na majirani, na nilimwona Mwalimu akilitazama lilivyozidi kwenda chini, na safari hii hakugeuza uso. Tuliimba nyimbo za mazishi. Mama Grasi alianza kulia kabla ya wote, kwa sauti yake kubwa, kumlilia wifi aliyekutana naye mara chache tu. Halafu Mwalimu akalia. Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile, alipiga magoti kwenye tope akaita jina la dada yake, tena na tena, miezi yote ile ikatoka mara moja. Bibi alisimama wima. Alitupa udongo wake, akashikwa mkono, akarudi ndani. Watu walisema ni imani ile, ni nguvu za Mungu.

Kesho yake waombolezaji walipotawanyika, nilibaki naye jikoni tukimenya ndizi. Nilitaka kumfariji nikakosa maneno, nikasema yale yanayosemwa, kwamba sasa angalau dada Domitila amepumzika.

"Nani amepumzika?" Bibi alisema, wala hakuinua kichwa. "Tumezika mgomba, mjukuu wangu. Na mgomba ule ulikuwa haujazaa, hasara tupu."

Nikachukua ndizi nyingine nikaimenya.

"Faustini akidanganya hutazama mikono yake. Tangu akiwa mdogo hivi. Siku ile aliyatazama maharage, maharage, maharage. Nikasema, mtoto amefika mahali pa kumdanganya mama yake, basi amechoka. Domitila nitamngoja mpaka nife. Lakini huyu yuko hapa, na alikuwa anakwisha mbele ya macho yangu." Akatupia ndizi aliyoimenya kwenye maji. "Nilimwachia azike. Usije ukamwambia."

Sikumwambia. Bibi alifariki miaka michache baadaye akiwa bado anamngoja, na Domitila hakuja, wala mtu aliyemwona hakuja. Mwalimu hakulifundisha tena lile swali kwa sauti, lakini kila tulipokutana alinivuta kando kuniuliza kama nimesoma lolote jipya, nami nilimwambia: wametafuta vikubwa, wametafuta vya kati, sehemu kubwa zimefungwa, lakini vile vidogo vyenye uzito wa mlima bado hakuna aliyeweza kuvikanusha. Alifurahi kama mtu aliyeletewa salamu. Walidanganyana kwa upendo mpaka mwisho, mama na mwana, kila mmoja akidhani ameubeba mzigo peke yake, na mimi nilikaa katikati nikiwa na siri za wote wawili. Sasa wamelala karibu karibu chini ya migomba ile ile, na mimi ndiye niliyebaki naijua habari nzima, na imenilemea.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni yaliyofuata jikoni siku ile ya kumenya ndizi na Bibi, zikiwa zimeiva motoni. Mwalimu aliingia ameinama kwa sababu ya mlango mfupi, macho yamevimba, akavuta kigoda akakaa. Akauliza kama kuna chakula. Bibi alimpakulia sahani peke yake, imejaa, akaimwagia mchuzi wa maharage. Akala. Akala yote, akanyoosha sahani aongezewe, na Bibi akampakulia tena, kisha akakaa mkabala naye, mikono mapajani, akimtazama anavyotafuna.